Anayeuza si Mmoja: Kununua Ardhi Ukiwa Unahama, Uko Mbali au Umelenga Kijijini

Matangazo ya ardhi Dar es Salaam yana lugha yake. "Shamba heka tano, Mkuranga, gari inafika mpaka shambani, mwenyewe anahama, bei maelewano." "Kiwanja Bunju, mwenye mali yuko nje ya nchi, anauza kupitia mdogo wake." "Eneo la urithi Chanika, familia imeshakubaliana." Dalali huyasema haya akieleza kwa nini bei imeshuka. Mnunuzi ayasikie kwa namna nyingine: kila tangazo hapo limemtaja mtu ambaye hatakuwepo siku ya kutia saini. Anayehama huenda ana mke anayebaki. Aliye nje huenda hajui kama kiwanja chake kinauzwa. Na familia "iliyokubaliana" mara nyingi ni kaka mkubwa na simu yake.

Ardhi ya Tanzania haitoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja kama simu ya Kariakoo. Kisheria yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachouziana ni haki ya kuitumia, pamoja na tulichokijenga au kukipanda juu yake. Kwa hiyo yupo daima mwingine mwenye neno: Kamishna wa Ardhi, halmashauri ya kijiji, mwenza wa ndoa, mrithi, benki. Ukinunua kiwanja chenye hati kutoka kwa mwenye jina lake, anayeishi hapohapo, watu hao wote wanaonekana. Ukiwa unahama, uko mbali, au unakwenda kununua kijijini, wengine hawaonekani, na kazi ya mnunuzi ni kuwatafuta kabla hela haijatoka mfukoni.

Mtaa au kijiji?

Swali hili ndilo lingetangulia bei, na ndilo watu wengi hawaliulizi. Sheria mbili zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2001, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zimeigawa nchi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kila fungu lina bwana wake. Karatasi halali katika fungu moja inaweza isiwe na maana yoyote katika fungu jingine.

Mkoa wa Dar es Salaam, wenye wilaya za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, umegawanywa kwa mitaa. Ukivuka mpaka kuingia Pwani mambo yanabadilika, na mpaka wenyewe huuoni. Kwenye Barabara ya Kilwa unatoka Mbagala, unapita Kongowe, na ukifika Mwandege na Vikindu uko Wilaya ya Mkuranga. Upande wa Bagamoyo unaiacha Bunju, unaingia Mapinga. Kiluvya imekaa mguu mmoja Ubungo, mguu mwingine Kisarawe. Nyumba ni zilezile, bodaboda ni zilezile, dalali ni yuleyule. Lakini huko unaweza kukuta kijiji kamili, au kijiji kilichokwisha kutangazwa kuwa eneo la mipango miji, au kitu kilicho katikati ya hayo mawili ambacho hata wenyeji hukieleza kwa kusitasita. Jibu la uhakika liko kwa afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya. Mwenye shamba ana sababu ya kukujibu anavyotaka, na mwenyekiti naye anaweza kuwa nayo.

Mjini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi. Anaweza kusema anamfahamu muuzaji, anawajua majirani, hajasikia mgogoro. Huo ni ushahidi wa thamani, hasa kwenye eneo lisilopimwa, na nisingenunua bila kupita kwake. Ila muhuri wake hauhamishi umiliki. Ile asilimia kumi ya bei inayodaiwa katika ofisi nyingi za mitaa haimo katika Sheria ya Ardhi; ni mazoea yaliyoota mizizi. Ukidaiwa ada yoyote, omba stakabadhi ya serikali uone uso wa anayekudai utakavyobadilika.

Kijijini mamlaka ni halisi, na ndiyo hatari yake. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa kipande cha ardhi hiyo bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo kuna njia mbili tofauti za kupata shamba kijijini, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kununua kwa mwanakijiji eneo ambalo tayari ni lake. Hapo Halmashauri ya Kijiji ndiyo lazima iidhinishe. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani imekuwa na msimamo kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Idhini ni ya halmashauri iliyokaa kikao, ikaandika muhtasari, na wajumbe wakajiorodhesha kwa sahihi. Mwenyekiti na mtendaji wakigonga muhuri chini ya mwembe, hiyo si halmashauri.

Njia ya pili ni kugawiwa na kijiji chenyewe, lile wanaloliita pori. Hapa ndipo watu wa mjini wanapoumia zaidi, kwa sababu pori linaonekana halina mwenyewe. Sheria zenyewe hazikusaidii sana: Sheria ya Ardhi inapoieleza ardhi ya jumla inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumika, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji haisemi hivyo. Wanasheria wamebishana juu ya mgongano huo kwa miaka. Mnunuzi asiingie katikati ya ubishi wa mawakili na akiba yake. Dai muhtasari wa Mkutano Mkuu ulioidhinisha eneo lile, jina lako na ukubwa vikiwa vimeandikwa, halafu ulizia kwa wanakijiji wasio viongozi kama mkutano huo ulifanyika. Mama anayeuza maandazi kituoni atakujibu kwa haraka kuliko ofisi yoyote.

Ukubwa nao una mpaka. Kanuni za mwaka 2001 zinaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kugawa hadi hekta 20, karibu ekari 50. Zaidi ya hapo halmashauri ya wilaya inaingia, na zikizidi hekta 50 Kamishna wa Ardhi anahusishwa. Ndiyo maana ukiambiwa ekari mia na hamsini zimekatwa mafungu matatu, moja la mume, la pili la mke na la tatu la shemeji, ujue kinachokwepwa ni nini. Karatasi tatu za mtindo huo, siku ya ukaguzi, husomwa kama moja.

Shamba la kijijini likinunuliwa kwa njia sahihi, hati yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Watu wa mjini huidharau wakidhani ni karatasi ya daraja la pili. Sheria inaipa haki ya kimila hadhi sawa na haki ya kupewa na serikali, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Uamuzi huo unakata pande mbili. Unakulinda ukiwa nayo, na unamlinda pia mzee asiye na karatasi yoyote ambaye ukoo wake umelima pale tangu kabla ya vijiji vya miaka ya sabini. Ukitaka hati ya miaka 99 juu ya ardhi ya kijiji, lazima ardhi hiyo kwanza ihawilishwe kuwa ardhi ya jumla, na hatua hiyo haimalizwi na kijiji peke yake. Dalali anayekuahidi "hati ya wizara" ndani ya mwezi juu ya shamba la kijiji anauza ndoto.

Yaliyo juu ya ardhi na yaliyopita ndani yake

Pwani ina jambo ambalo mtu wa bara halitarajii. Kwa desturi, aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama udongo ni wa mwingine. Mikorosho ya Mkuranga na minazi ya Kisarawe inaweza kuwa na wenyewe watatu ndani ya ekari mbili: babu aliipanda kwa ruhusa, wajukuu wanavuna kila msimu, na aliyekuuzia hakuona sababu ya kuwataja. Msimu wa korosho ukifika utakuta watu shambani kwako na magunia. Kwa hiyo katika hati ya mauziano iandikwe wazi kama miti imo, na waliovuna mwaka uliopita watie saini. Makaburi ni hivyohivyo. Tembea eneo lote, hasa chini ya miti mikubwa. Ukikuta kaburi, jua kuna ukoo, na ukoo huo una haki ya kuja kuzuru. Kaburi halihamishwi kwa maneno ya muuzaji kwamba "tutalishughulikia". Uliza pia njia ya maji, njia ya ng'ombe, na njia ya watu kwenda mtoni, kwa sababu ukizungushia fensi njia ya kijiji umeanzisha ugomvi na kijiji kizima.

Kuna ardhi ambayo hakuna anayeweza kukuuzia hata akitaka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imevamiwa mara nyingi, na waliovamia wakaondolewa. Mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuo wa bahari zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, jambo ambalo wauza viwanja vya "bichi" Kigamboni hawalitaji. Bomba la gesi kutoka Mtwara linapita Mkuranga kuelekea Kinyerezi, na nyaya za msongo mkubwa zina njia yake pia. Kuhusu akiba ya barabara, bomoabomoa ya mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya ilitosha kuwa somo: watu walikuwa wamejenga, wanalipa kodi na wana umeme, wengine kwa miaka mingi. Kuwa na luku si ushahidi wa umiliki.

Kigamboni ina simulizi yake. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mradi wa mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka mradi ukisuasua, mpaka ulipoachwa. Aliyenunua kipindi kile hakutapeliwa na mtu. Alinunua tu bila kuuliza ofisi ya mipango miji ramani inasema nini kuhusu eneo hilo. Swali hilo halina gharama kubwa, na mpimaji mwenye leseni anaweza kuchukua alama za pembe za eneo na kuzipeleka zilinganishwe na michoro iliyoidhinishwa.

Ofa iliyopita mikono mingi

Viwanja vilivyopimwa vina usalama zaidi, ila navyo vina ugonjwa wao. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa viwanja 20,000 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Toangoma, Gezaulole na Buyuni. Wengi walipewa barua ya toleo, tunayoiita ofa, kisha wakauza kwa ofa hiyohiyo bila kubadilisha jina, na aliyenunua naye akauza. Leo unaweza kuletewa ofa yenye jina la mtu ambaye anayekuuzia hajawahi kukutana naye, pamoja na mkoba wa mikataba ya mauziano. Kisheria aliye kwenye kumbukumbu za wizara ni yule wa kwanza. Kila mkataba katikati lazima uwe halali, na kila muuzaji apatikane au uwakilishi wake uthibitishwe, ndipo uhamisho ufike kwako. Mmoja akiwa amefariki, unarudi kwenye mirathi. Sitasema usinunue, nitasema bei ya kiwanja cha namna hiyo iwe imeshakatwa gharama ya kazi hiyo, na muuzaji ashiriki kuifanya.

Upekuzi kwa Msajili wa Hati ndio unaoonyesha jina lililopo kwenye daftari, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Fanya mwenyewe au kupitia wakili wako. Usipokee matokeo ya upekuzi kutoka mkononi mwa muuzaji. Ukiwa pale uliza kodi ya pango la ardhi. Wengi wanaichanganya na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye luku. Pango ni jambo jingine, na malimbikizo ya miaka kumi yanamsubiri anayekuja kuhamisha jina. Na kama unaambiwa eneo lina "leseni", jua kwamba leseni ya makazi hutolewa kwa miaka michache tu na haifanani na hati.

Wenza na warithi

Mume akipata uhamisho, nyumba inauzwa haraka. Hapo ndipo mke husahauliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa iwe ya maandishi, na mke akutane nawe ana kwa ana. Muuzaji akisema hajaoa, apeleke kiapo mbele ya wakili, na wewe uliza majirani. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, swali ni nani anaishi katika nyumba hiyo.

Mirathi ni fupi kuieleza, ingawa ndiyo inayojaza mabaraza. Marehemu hauzi. Watoto wake nao hawauzi kwa sababu tu ni watoto wake. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya usimamizi, na muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kwenda mahakamani tu. Hata msimamizi akiwa na barua, warithi wote watie saini, pamoja na yule dada aliyeolewa Tanga ambaye kila familia inasema "hana shida".

Unapohama, unapokuwa mbali

Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wa Dar wamekuwa wakinunua viwanja huko kwa picha za simu. Dodoma ina historia yake ya ardhi. Kwa miaka mingi ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyovunjwa mwaka 2017, na shughuli zake zikaingia kwa manispaa ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji. Karatasi za zama zote mbili bado zinazunguka. Ya CDA haikufa pamoja na CDA, ila thamani yake inategemea kama kumbukumbu za sasa zinaitambua. Kiwanja kimoja chenye watu wawili, kila mmoja na barua halisi, ni malalamiko yanayojulikana sana mjini humo. Kwa hiyo wakati wa kununua ni baada ya kuripoti kazini na kupanga chumba, si kabla. Ninajua bei zinapanda, na kodi ya chumba miezi sita inauma. Hata hivyo kiwanja usichowahi kukanyaga masika hujui kama ni kiwanja au bwawa.

Hati pia ina masharti. Kwa kiwanja cha makazi kwa kawaida unatakiwa ujenge ndani ya miezi 36, na sharti hilo linakufuata hata ukihamishiwa Kigoma. Eneo lililoachwa wazi huota wakazi, na Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mwenye ardhi miaka 12 tu ya kudai kurejeshewa. Mtu anayehamahama kikazi afanye angalau hili: aweke bikoni zinazoonekana, apande miti ya mpaka, na amlipe jirani anayeaminika kwa karatasi inayosema yeye ni mlinzi tu.

Aliye ughaibuni hununua kwa kumtumia kaka, mjomba au rafiki wa shule. Kosa linalorudiwa ni hela kutoka kwa huyu na jina kuandikwa la yule, "kwa muda". Daftari la Msajili halina safu ya muda. Jina liwe lako tangu hati ya mauziano, na anayekuwakilisha awe na hati ya uwakili uliyoitia saini mbele ya ubalozi au mthibitishaji wa huko, inayotaja kiwanja kwa namba yake, na isajiliwe hapa. Mpe uwezo wa kununua. Usimpe uwezo wa kuuza. Aliyekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine amepoteza uraia wa Tanzania, na mbele ya sheria ya ardhi hasimami tena kama raia. Aende kwa wakili aulize mlango unaomhusu badala ya kujificha nyuma ya jina la dada yake.

Hela

Mkataba wa ardhi usioandikwa hauna nguvu mahakamani. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchini, ni ya muuzaji, ingawa Dar imezoeleka kumtupia mnunuzi, kubaliana mapema. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1, ripoti ya uthamini inayoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na ada za usajili. Wanaopunguza bei kwenye mkataba ili kukwepa kodi wajue kwamba siku mauzo yakibatilishwa, watarudishiwa kile kilichoandikwa.

Lipa kupitia benki, kwa akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati au ofa. Gawa malipo mara mbili au tatu. Kwa shamba la kijiji, fungu kubwa litoke baada ya muhtasari wa halmashauri kuwa mkononi mwako na majirani wote wa mipaka kutia saini mchoro. Kwa kiwanja chenye hati, salio libaki kwa wakili mpaka kibali cha uhamisho kitoke. Muuzaji atakwambia kuna mtu mwingine yuko tayari kulipa zote leo saa kumi jioni. Mwache alipe.